Ua la Majivu la Kilima cha Igalapo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye Ilomba anayepukuchua mahindi, aliye Iringa mjini aliyefunga duka sasa hivi, na dereva uliyeegesha lori njiani ukaomba mwenye hoteli aongeze sauti: karibuni. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Lutengano. Alikuwa mlinzi wa msitu katika milima ya Uporoto, upande wa Mbeya. Alifariki tarehe kumi na saba Novemba mwaka jana, elfu moja mia tisa hamsini na nane. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Lutengano hakuwa mtu mkubwa wa serikali. Hakuwa na gari wala nyumba ya bati. Alikuwa na kofia ya kazi, daftari, na ua moja. Ndiyo, ua. Leo mtasikia habari za ua hilo, na habari za mtu aliyelipenda vibaya.

Tuanzie mbali kidogo na Mbeya. Tuanzie pwani.

Mwaka wa hamsini na moja Lutengano alikwenda kutafuta kazi pwani, kusini ya mto Rufiji. Huko kulikuwa na msitu wa akiba uliofika mpaka kwenye mchanga wa bahari. Humo alikuwa Mzungu mmoja mtafuta mimea. Watu walimwita Bwana Majani. Lutengano akawa mshika mizigo wake, kisha mkausha mimea wake, kisha mkono wake wa kulia.

Kazi ya kukausha mimea inataka subira, wasikilizaji. Unang'oa mmea na mizizi yake. Unaulaza katikati ya magazeti, jani hili limeangalia juu, jani lile limeangalia chini. Unaubana kwa mbao na kamba. Kesho unabadilisha magazeti. Keshokutwa tena. Kisha unaandika: umeuona wapi, siku gani, jirani zake ni mimea gani. Lutengano alijifunza kusoma na kuandika kwa kazi hiyo. Wengine walijifunza kwa chaki. Yeye alijifunza kwa majani.

Mambo aliyoyaona huko aliyasimulia mpaka mwisho wa maisha yake. Aliona kasa akipanda ufukweni kutaga. Aliona ndovu wakitoka msituni, nyayo zao zikajaa maji ya chumvi. Aliona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, akichakura majani makavu. Na aliona miti saba midogo yenye maua meupe, ambayo Bwana Majani alisema haipo mahali pengine popote duniani. Miti saba tu.

Siku moja warina asali waliacha mwenge unawaka. Moto ukaingia msituni. Ulipozimika, ile miti saba ilikuwa vijiti vyeusi. Bwana Majani alikaa chini, akalia mbele ya wapagazi wake bila haya. Kisha akamwambia Lutengano neno moja, naye akaliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Nimeliona kwa macho yangu. Limeandikwa hivi: "Moto ni adui wa kila jani."

Likumbukeni neno hilo. Moto ni adui wa kila jani.

Mwaka wa hamsini na tatu Lutengano alirudi kwao Uporoto. Akapata kazi ya ulinzi wa msitu. Alirudi na kofia, na mkewe Damari anasema alirudi na mwendo mpya pia. "Alikuwa akitembea kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu," anasema. "Mimi nikamwuliza, mume wangu, pwani walikufundisha kutembea upya?"

Kila mwisho wa mwezi aliteremka Mbeya mjini, dukani kwa Mzee Alawi, mtu wa asili ya pwani anayeuza nguo na mafuta ya taa. Mzee Alawi alimwekea magazeti ya zamani. Hakuacha kumtania.

"Lutengano, wenzako wanayasoma magazeti. Wewe unayalaza na majani!"

"Mzee Alawi, na majani yana habari zake."

"Basi nisomee. Leo majani yanasemaje?"

"Yanasema mwenye duka aongeze chai."

Wakacheka. Hivyo ndivyo walivyokuwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende Igalapo. Igalapo ni kilima cha nyasi kilicho juu ya kijiji cha akina Damari. Juu kabisa, ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Januari ya mwaka wa hamsini na nne, mvua zikiwa zimekolea, Lutengano alipita pale akaona ua. La njano, na katikati lina kitu kama ulimi, chenye madoa ya rangi ya kahawia. Wenyeji huliita ulimi wa ndama. Yeye alikuwa amekausha mimea mingi, lakini ule hakuwahi kuuona. Akayahesabu. Yalikuwa arobaini na moja. Akazunguka vilima vingine vitano, siku sita. Hakuona hata moja.

Akakausha moja, akalipeleka kwa Bwana Majani kwa posta. Jibu likaja: ua hili halimo katika vitabu vyangu. Lilinde.

Lilinde! Basi Lutengano akakumbuka miti saba. Akaenda kwenye baraza la wenyeji, akavua kofia, akasema kwa saa nzima. Aliomba Igalapo isichomwe moto tena. Baraza likakubali. Atakayechoma Igalapo atafungwa.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Watu wa Uporoto huchoma nyasi kila mwaka, Septemba au Oktoba, kabla ya mvua. Nyasi nzee huungua, nyasi changa huota, ng'ombe hula. Wamefanya hivyo tangu enzi za mababu. Na mchungaji mkubwa wa upande ule alikuwa Jailos. Jailos ni ndugu wa Damari, tumbo moja. Kwa hiyo Jailos ni mlamu wa Lutengano. Walikuwa marafiki tangu utoto, kabla hata ya ndoa.

Jailos alimkuta njiani akamwambia, "Mlamu, nasikia umekioa kilima. Mahari umelipa kwa nani?"

"Acha mzaha, mlamu. Lile ua liko hapa tu. Dunia nzima, hapa tu."

"Najua liko hapa. Nimelikanyaga tangu nikiwa uchi. Na kila mwaka tunapachoma, na kila mwaka linatoka. Hata tandawala, ndege mkubwa kama yule, haji mpaka pameungua. Wewe nani amekuambia moto unaliua?"

"Nimeona pwani."

"Pwani!" Jailos akacheka. "Pwani wanalala bila blanketi. Je, na sisi tutupe yetu?"

Hata mama yao, Bibi Tusajigwe, alimwita mkwewe akamwambia kwa upole. "Baba, ua lile ni mtoto wa majivu. Usimnyime mama yake." Lutengano aliitika, "Ndaga, mama," maana yake asante. Lakini hakuliandika neno hilo kwenye daftari. Aliona ni maneno ya wazee wasiosoma.

Oktoba ya mwaka ule ule wa hamsini na nne, Jailos alichoma Igalapo. Hakujificha. Alichoma mchana, mbele ya wachungaji wenzake, kama baba yake alivyofanya. Lutengano aliuona moshi, akapanda mbio, akaupiga moto kwa matawi mpaka ukafa. Ulikuwa umekula kona moja tu, ukubwa wa zizi. Kisha akateremka, akamshtaki mlamu wake.

Jailos alifungwa miezi sita. Alipelekwa Iringa. Lakini baraza lilisema neno moja la wazi, na kila mtu alilisikia: mlalamikaji akilifuta neno lake, mfungwa atarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Damari anasema hakugombana na mumewe. "Ningegombana vipi? Huyu mume, yule kaka. Nilipika ugali, nikaula peke yangu."

Januari ya hamsini na tano ikafika. Lutengano akapanda Igalapo kuhesabu maua. Kwenye sehemu yote aliyoilinda, nyasi zilikuwa zimemfika kiunoni, nzee, zimelala. Akazifunua kwa mikono. Akaona maua saba. Akaenda kwenye ile kona iliyoungua, ile ya ukubwa wa zizi.

Yalikuwamo maua kumi na manne.

Wasikilizaji wapendwa, rudieni nami. Kilima kizima kisichoungua, maua saba. Kona moja iliyoungua, maua kumi na manne. Mtu mwenye akili ya Lutengano hakuhitaji mwalimu. Alisimama pale. Alijua. Mlamu wake alikuwa amesema kweli, na mama mkwe wake alikuwa amesema kweli, na yeye alikuwa amempeleka mtu jela kwa kusema kweli.

Alifanya nini? Alifungua daftari akaandika: "Januari 1955. Jumla ishirini na moja." Basi. Hakuandika yaliota wapi. Yeye, aliyefundishwa kuandika kila mmea umeota wapi, safari hii hakuandika. Akashuka nyumbani. Kama angekwenda barazani siku ile, Jailos angerudi. Hakwenda.

Kwa nini? Damari alimwuliza miaka mitatu baadaye. Akamjibu: "Niliona haya. Nilisema barazani saa nzima. Nilisema, mimi nimesoma."

Februari, wiki nne baada ya siku ile ya kuhesabu maua, Bibi Tusajigwe aliugua. Aliugua siku tano. Siku zote tano aliuliza, "Jailos amekuja?" Lutengano alikuwa amekaa mlangoni, anasikia. Siku ya sita bibi hakuuliza tena.

Jailos alikuwa mwana pekee wa kiume. Kwa desturi ya kwao, mwana ndiye hushika jembe la kwanza kaburini, na ndiye hutupa udongo wa kwanza. Jailos alikuwa Iringa.

Damari alipanda basi kwenda kumpa habari. Anasimulia hivi: "Walinipa muda mfupi. Nikamwambia, kaka, mama hayupo. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu. Nani alishika jembe la kwanza? Nikaanza kumsimulia habari za mazishi. Akaniuliza tena. Nikamwambia, mlamu wako. Akainuka, akageuka, akarudi ndani kabla muda haujaisha."

Jailos alitoka mwishoni mwa Aprili. Kuanzia siku hiyo alipita nje ya nyumba ya dada yake bila kuamkia. Damari alimpelekea maziwa ya mgando. Kibuyu kilirudi kimejaa. Na kwa kuwa Igalapo ilikuwa imefungwa, kila kiangazi Jailos aliwashusha ng'ombe wake mbali kabisa, Usangu, karibu na Madibira, kutafuta majani. Miezi minne hayuko nyumbani.

Na maua? Lutengano aliendelea kulinda. Hakuruhusu moto. Angeruhusu, watu wangeuliza kwa nini. Januari ya hamsini na sita, maua tisa. Hamsini na saba, matatu. Mbayuwayu wa buluu, wale waliokuwa wakiruka chini chini juu ya nyasi fupi, nao wakahama. Januari ya hamsini na nane alipanda Igalapo akatafuta toka asubuhi hadi jioni. Hakuna. Hakuna hata moja.

Alirudi ameloa, anakohoa. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu mwaka uliotangulia. Akamwambia mkewe, "Damari, nilijua." Akamweleza yote: ile kona, yale maua kumi na manne, na mama aliyekuwa akiuliza. Damari anasema, "Nilitoka nje. Nikakaa na kuku. Nilipoingia nikamwambia, si mimi wa kuambiwa. Twende kwa mwenyewe."

Watu wa kwao wana desturi, na wengi wenu mnaijua. Ndugu wakikosana, hawapatani kwa kushikana mikono tu. Hukaa chini. Kila mmoja husema yote yaliyo moyoni, habakizi. Kisha aliyekosewa hutia maji mdomoni, akayapuliza chini. Akishapuliza, hasira imetoka. Asipopuliza, hata akicheka nawe, bado.

Lutengano na Damari walikwenda kwa Jailos asubuhi, na kibuyu cha maji. Lutengano alisema yote. Alisema mbele ya mke na watoto wa Jailos. Hakubakiza.

Jailos alisikiliza, akichonga mpini wa shoka. Mwisho akasema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza, mlamu."

"Umenishtaki mbele ya watu. Umeniomba radhi mbele ya kuku wangu." Akakirudisha kibuyu. "Maji yako yaweke. Siku utakayoichoma Igalapo kwa mkono wako, mbele ya wale wale, useme ulichokisema hapa, nitayatema."

"Nitafanya."

"Tutaona. Wewe ni mtu wa kuandika, si mtu wa kufanya."

Wasikilizaji wapendwa, Lutengano alifanya. Alikwenda barazani akaomba sheria yake mwenyewe ifutwe. Ilifutwa. Oktoba mwaka jana, Jumapili baada ya ibada, aliwaita watu wote mlimani. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya jiwe. Akasema kwa sauti: "Jailos alisema kweli. Mama Tusajigwe alisema kweli. Mimi nilijua, nikanyamaza, na mama akafa akimwita mwanawe." Kisha akawasha kiberiti.

Watu wanasema nyasi za miaka mitano ziliwaka kama mafuta. Upepo ukageuka, ukataka kuusukuma moto kwenye msitu. Lutengano alikimbia na tawi mkononi, anaupiga, anamezwa na moshi, mpaka vijana wakaja kumsaidia. Msitu ulipona. Kilima kikabaki cheusi. Yeye alikaa chini kwenye majivu, anakohoa, anaangalia huku na huku. Alimwuliza Damari, "Mlamu yuko wapi? Ameona?"

Jailos hakuwapo. Alikuwa Usangu na ng'ombe. Mtu alikuwa ametumwa kumwita, lakini hakumkuta. Ng'ombe walikuwa wamesogea mbele.

Lutengano hakuinuka tena kitandani. Wiki nne. Kila siku alimwuliza mkewe swali moja, na ninyi mnaweza kulikisia. "Jailos amekuja?" Damari anasema, "Nilisikia sauti ya mama yangu."

Tarehe kumi na saba Novemba alifariki. Walimzika siku ya pili. Jailos alipata habari akiwa barabara kuu, akadandia lori lililotoka Iringa na mzigo wa chumvi. Alifika siku ya tatu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwa mara ya pili, Jailos alikosa kutupa udongo.

Alisimama hapo, fimbo mkononi. Damari alimletea kile kibuyu. Akakisukuma. "Bado," alisema. "Sijaona kilima." Watu walimwona ana moyo mgumu. Damari hakumlaumu.

Mvua zilikuja. Mwezi uliopita, Januari, Jailos alipanda Igalapo peke yake. Jailos hajui kuandika. Kwa hiyo alihesabu kwa namna ya wachungaji: kila ua, kijiwe kimoja mfukoni. Alishuka mfuko umelemea. Akapita moja kwa moja makaburini. Watoto wakamwita Damari.

Damari alimkuta amechuchumaa, anavipanga vile vijiwe juu ya kaburi, kimoja kimoja. Akamwuliza, "Kaka, kwa nini hukuchuma japo ua moja ukamletea?"

"Angenishtaki," Jailos akasema.

Wakacheka wote wawili, anasema Damari, mpaka kicheko kikawavunjikia midomoni.

Vijiwe vilikuwa thelathini na vinane. "Wewe uliyahesabu maua arobaini na moja," Jailos akasema. "Yamebaki matatu. Yatakuja, mlamu. Tutapachoma tena." Kisha akanyoosha mkono, akaomba kibuyu. Akasema yaliyokuwa moyoni mwake. Damari alikuwapo, lakini hakuniambia Jailos alisema nini, nami sikumwuliza. Akatia maji mdomoni, akayapuliza juu ya vijiwe.

Lakini mwenye kuyangojea hakuyaona.

Bwana Majani ameandika barua kutoka kwao Ulaya. Anasema ua la Igalapo bado halijapewa jina vitabuni. Na ameandika hivi: "Neno lile nilimfundisha mimi. Lilikuwa neno la pwani. Nilipaswa kumwambia kwamba kila mlima una neno lake." Mzee Alawi wa Mbeya naye anaendelea kuweka magazeti ya zamani chini ya meza yake. Nilimwuliza anamwekea nani. Akasema mkono umezoea.

Kwako Damari, mjane wa marehemu, kwako Jailos, na kwa ukoo wote wa Uporoto: poleni sana. Mmefiwa na mtu aliyekosa, akakiri mbele ya watu. Si wengi wanaoweza.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mliosoma na msiosoma, nawaachia jambo hili. Lutengano alipata elimu ya kweli, akaipeleka mahali isipohusu. Hilo ni kosa, na kosa hurekebishwa, maua yamerudi. Lakini zile wiki nne za Januari na Februari, alipojua na kunyamaza, hazikurudi kwa moto wala kwa mvua. Kama yuko mtu anayengoja neno lako, au anayengoja maji yako, usimngojeshe mpaka uone kilima. Nenda kesho asubuhi. Chukua kibuyu.

Mungu amlaze Lutengano mahali pema, chini ya vijiwe vyake thelathini na vinane.